Nyumba ya mama Kibosho inabomolewa, vitu vyake nifanyeje?

Mama Upendo, Sakina

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho.

Mama yetu alifariki mwezi wa saba mwaka jana, 2025, nyumbani Kibosho. Baba alitangulia 2009. Kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na nyumba yenyewe, kwa desturi yetu ni vya mdogo wetu wa mwisho, na hilo hatuna ugomvi nalo. Sasa yeye anataka kubomoa nyumba ya zamani ajenge, na fundi amesema msingi uchimbwe kabla masika hayajaanza mwezi wa tatu. Zimebaki Jumamosi nne. Kaka yuko Mwanza, mdogo wangu wa kike yuko Dar, wote wamenipigia wakasema, "Dada, vitu vya mama unavijua wewe, amua." Nami naishi nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, na watoto watatu. Kila Jumamosi nafunga safari, kilomita 80 hadi Moshi mjini, napanda gari la Kibosho, nafungua mlango, nakaa kwenye kigoda cha mama jikoni. Jioni narudi Arusha sijatoa hata kijiko.

Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu. Rambo zake bado zipo, zimekunjwa vizuri ndani ya rambo nyingine, tangu zilipopigwa marufuku Juni 2019. Kuna pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kifuniko. Kuna TV ya kichogo ambayo haijawaka tangu matangazo ya analojia yalipozimwa 2013, na juu yake kitambaa cha kudarizi alichokuwa anakifua kila mwezi. Kuna pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na kata nne, mbili zilipasuka akazishona kwa mkono wake. Kuna cherehani ya miguu ya Singer, mkanda umekatika, droo ya kushoto imejaa vifungo. Hiyo ndiyo iliyotushonea sare sisi wote wanne. Mashine ya kumenyea kahawa iko bandani, imeshika kutu mpaka gurudumu halizunguki. Kanga nimehesabu doti 37, tisa kati yake hazijapindwa hata pindo.

Halafu kuna sufuria. Ziko 11, na tatu ni zile kubwa za shughuli, za kupikia watu mia mbili. Mitaa yote ile ilikuwa inakuja kuziazima, msiba, kipaimara, harusi, mtoto anatumwa tu: "Mama anaomba ile kubwa." Mdogo wangu wa Dar anasema tuziuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye jiko la kuziweka. Hakosei. Lakini nikiishika ile kubwa, mkono unakataa.

Kwenye tranka la bati kuna karatasi. Stakabadhi za kahawa za baba kutoka chama cha msingi, nyingine za 1974, miaka miwili kabla vyama vya ushirika havijavunjwa. Kadi zetu za kliniki, ripoti za shule, risiti za kila namna, na madaftari manane ya michango: nani alileta nini kwenye msiba gani. Haya nilikuwa nimeshayaweka upande wa kuchoma.

Na hapo pa kuchoma ndipo nimeogopa. Jumamosi ya kwanza nilichoma gunia zima la magazeti na makaratasi bila kuyapekua. Jumamosi iliyofuata nikafungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, nikakuta noti za zamani zimelala katikati ya kurasa, za elfu moja na za elfu tano, jumla 34,000. Ni zile ambazo Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha, 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Muda umeshapita. Kinachoniuma si hizo fedha. Mwezi ule wa nne mama alikuwa hai, amelala chumba cha pili, nasi tulikuwa tunaingia na kutoka na uji, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama ana noti za zamani. Na sijui gunia lile lilikuwa na nini.

Jambo la mwisho, uvunguni nimekuta makopo na chupa za dawa za kahawa. Karatasi za maelezo zimeliwa na mende. Moja ina unga wa bluu.

Nibaki na nini, nini kikae kwenye stoo ya mabati ya mdogo wetu mpaka nyumba iishe, na nini kiondoke kabisa? Waliokwisha kupitia hili wanisaidie.

Mzee wa Uru

Pole sana mwanangu. Sisi ni majirani, Uru na Kibosho tunatenganishwa na bonde tu, kwa hiyo nitasema nawe kama mtu wa nyumbani.

Kabla hujaamua lolote juu ya sufuria, zigeuze. Tazama matako yake. Kila mama wa huku ana alama yake, kwa sababu kwenye shughuli vyombo vinachanganyika, na usiku watu wanaondoka na vyombo visivyo vyao bila kujua. Mwingine anapaka rangi ya kucha, mwingine anagonga nukta kwa msumari, mwingine anakwaruza herufi ya ukoo. Katika 11 hizo nakuhakikishia si zote za mama yako. Nyingine zilikuja na chakula, zikabaki. Na zake nyingine ziko kwa watu.

Nasema hivi kwa kuwa mimi nilikosea. Tulipomzika mama yetu, sisi wanaume tuliona jikoni ni takataka tupu, tukaita kijana wa vyuma chakavu, akapima, akalipa, akaondoka. Haikupita miezi miwili akaja bibi mmoja wa mtaa wa chini, anatembea kwa fimbo. Hakuja kudai. Alikaa, akanywa chai, akaaga, na alipofika mlangoni ndipo akauliza kama ile sufuria yake bado ipo, ile iliyokuja na mtori siku tuliyomleta mama kutoka hospitali. Ilikuwa ya mama yake yeye. Nilishuka Moshi siku ileile kumtafuta kijana, ilikuwa imeshapondwa. Nilimnunulia mpya, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilipokwenda kwenye msiba wake miaka minne baadaye niliiona juu ya kabati, karatasi ya dukani bado imebandikwa.

Daftari la michango usilichome. Kaa na mama mmoja wa rika la mama yako, mlisome pamoja. Humo kuna watu waliowabeba mlipofiwa na baba, na huenda mama hakupata nafasi ya kuwarudishia wote. Nyumba inabomolewa, lakini mdogo wako ataishi hapohapo na watu haohao.

Mama Wawili, Njiro

Pole dada. Mimi nitakwambia kitu ambacho huenda hutakipenda. Usihifadhi.

Nilileta vitu vyote vya mama kutoka Machame, kanta mbili, nikajaza stoo ya uani hapa Njiro. Nilisema nitavipanga taratibu. Imepita miaka minne. Mchwa wameingia kwenye kabati kwa chini, kwa nje lilionekana zima, siku nimevuta mlango limebaki unga. Magodoro yamenuka. Vitenge nilivifunga kwenye mifuko ya nailoni nikidhani navilinda, masika ya kwanza tu vikapiga ukungu, ile madoa meusi isiyotoka hata ukiloweka. Vitenge vile mashangazi zangu wangevivaa. Wawili kati yao wameshafariki.

Kanga zigawe sasa. Waite mashangazi, wadogo zake mama, wajukuu wa kike, tandika mkeka, kila mmoja achague mwenyewe. Wewe baki na mbili au tatu, uzivae. Kama kuna kitu lazima kikae stoo, kiinue juu ya matofali, kiache nafasi na ukuta, nguo ziwe kwenye tranka na si kwenye nailoni, na uweke majani makavu ya mwarobaini katikati. Lakini jiulize kwanza ni nani atakuja kukichukua na lini. Kama huna jina la mtu, basi hicho hukihifadhi, unakiozesha.

Karani wa Majengo

Pole na msiba, mama. Nafanya kazi za makaratasi hapa Moshi, nitaongelea tranka tu.

Kwanza, je, mmeshateua msimamizi wa mirathi na mahakama imemthibitisha? Msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali ya marehemu. Vijiko na kanga hakuna atakayekuuliza, lakini kitu cha thamani kisiuzwe wala kugawanywa kabla hilo halijakaa sawa, hata kama leo mnaelewana. Nimeona ndugu wanaoelewana wakiachana kwa ajili ya ng'ombe mmoja.

Pili, kila karatasi ishike kwa mkono, moja moja. Kila kitabu kishike kwa mgongo ukikung'ute. Unachokitafuta hasa ni karatasi za mipaka. Huku kwenye vihamba makubaliano mengi ya mpaka yaliandikwa kwenye ukurasa wa daftari la shule, mashahidi watatu, dole gumba, basi. Ukikiona kikaratasi cha namna hiyo usikidharau kwa sababu kimechakaa. Piga picha, halisi mpe msimamizi. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya vifo, kadi za benki, barua za pensheni kama mzee alikuwa mtumishi, vyote viende bahasha moja.

Vyeti vya shule vyenu msiache Kibosho, kila mmoja achukue chake. Mwaka 2017 wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nilizunguka ofisi hadi ofisi nikitafuta cheti changu cha kidato cha nne. Kilikuwa kwenye tranka la mama, chini ya kadi za kliniki.

Risiti za umeme za miaka ya nyuma, risiti za dukani, kuponi, hizo choma kwa amani. Lile gunia la kwanza limekwenda, usijitese nalo.

Dada wa Ngaramtoni

Pole sana dada yangu. Hizo dawa za kahawa ndizo zimenifanya niandike.

Usizichome. Moshi wake ni sumu, na chupa iliyofungwa inaweza kulipuka motoni. Usizimwage chooni, usizifukie kihambani, na tafadhali usizimwage popote karibu na mfongo, ule mfereji wa maji, maji yale yanapita kwa watu wengi huko chini, wengine wanayapikia. Unga wa bluu unaweza kuwa mrututu uliokuwa ukipulizwa kwa ajili ya magonjwa ya kahawa, lakini bila karatasi ya maelezo hilo usilichukulie kuwa kweli. Zamani kulikuwa na dawa kali kuliko tunazoziona madukani leo.

Vaa glavu, funga pua na mdomo, usivifungue wala kunusa. Visimamishe ndani ya ndoo yenye mfuniko, pakia mchanga mkavu au vumbi la mbao pembeni visigongane, andika SUMU kwa herufi kubwa, weka mahali pa kufungwa mbali na watoto na kuku. Kisha mwone afisa kilimo wa kata. Mamlaka inayosimamia viuatilifu, TPHPA, ile tuliyozoea kuiita TPRI, iko hapa kwetu Ngaramtoni, na wewe uko Sakina, si mbali. Nenda uulize wanataka vifikishwe vipi, usivipakie kwenye Noah pamoja na abiria. Na makopo matupu usimpe mtu akachotee maji, hata yakioshwa mara kumi.

Fundi cherehani, Pasua

Mama, Singer ya miguu usiiuze. Mkanda ni kitu kidogo, ni ngozi, unakatwa kwa urefu wake na kuungwa kwa kipini cha waya. Ninazo hapa cherehani za umri huo zinazoshona mpaka jinzi.

Kama shida ni nafasi, kichwa kinatoka kwenye meza. Kilaze nyuma, utaona bawaba mbili na skrubu ndogo kwenye kila moja, legeza, nyanyua. Kichwa unakaa nacho Arusha, meza ibaki stoo. Kabla hujakifunga paka mafuta ya cherehani kila tundu, zungusha gurudumu kwa mkono yaingie, kisha funika kwa kitambaa cha pamba. Aliyesema nailoni inaleta ukungu amesema kweli, kwenye chuma inaleta kutu. Na vifungo usivitenganishe na droo yake.

Mama Upendo, Sakina

Shikamoo mzee wa Uru. Nawashukuru wote, nimerudi jana usiku kutoka Kibosho na nimeona niwaambie ilivyokwenda.

Nilianza na sufuria. Nilizitoa zote uani, nikazigeuza juani, nikakaa kuzisugua matako kwa majivu. Zetu zina herufi M aliyoikwaruza baba. Kati ya 11, zenye M ni saba. Nilimwita mama mkubwa wa nyumba ya jirani, akaja na kiti chake, akaanza kuzitaja kama anawataja watoto: hii ni ya kwa mwalimu, hii ya rangi nyekundu ni ya mke wa fundi bati, imekaa hapa tangu kipaimara cha binti yako wa kwanza. Binti yangu sasa ana miaka 22. Nimezirudisha tatu kwa mikono yangu. Kwa mwalimu walinipa mbili za mama zilizokuwa kwao, zenye M, kwa hiyo niliondoka na tatu za watu, nimerudi na mbili zetu.

Madaftari tulisoma mpaka giza likaingia. La 2009, la baba, mwandiko ni wa mama mwenyewe. Maziwa lita 5, ndizi mikungu miwili, shilingi 2,000, kuni mzigo mmoja. Pembeni aliweka alama ya vema kwa kila aliyekwisha kumrudishia. Majina mawili hayana vema. Mmoja ana harusi ya mjukuu baada ya Pasaka, mdogo wangu wa mwisho ameshaandika mkungu na sukari. Wa pili amehamia Rombo, tunaulizia. Madaftari yote manane yanabaki kwa mdogo wetu, na mkewe ameomba aendelee kuandika kwenye lile ambalo halijajaa.

Sufuria tatu kubwa haziuzwi. Nilimpigia mdogo wangu wa Dar nikamsomea ukurasa mmoja wa daftari, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Dada, ziache hukohuko." Zinakwenda kwa akina mama wa jumuiya, zitakaa kwa mama mkubwa jirani, atakayezihitaji ataziazima kama zamani. Pipa la mbege linabaki kihambani. Kata mbili zilizoshonwa nimechukua mimi.

Kanga tumepanga Jumamosi ijayo, mkeka na chai, mashangazi wote watano wameahidi. Kichwa cha cherehani kimefika Sakina kwa kirikuu, pamoja na droo na vifungo vyake, fundi nitakuletea uunge mkanda. TV imekwenda kwa kijana wa vifaa vya umeme anayetoa spea. Mashine ya kahawa mdogo wetu anataka kuitia mafuta aone. Karani, msimamizi ni kaka na ameshathibitishwa, na kikaratasi cha mpaka kweli kimepatikana, cha 1981, chenye madole gumba manne, kilikuwa ndani ya bahasha ya ripoti yangu ya darasa la tatu. Kaka hakutaka kitu chochote ila stakabadhi moja ya kahawa ya 1974, mwaka aliozaliwa. Dawa ziko kwenye ndoo, Jumatatu nakwenda Ngaramtoni.

Noti nimeziacha ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye kurasa zilezile.

Imebaki sufuria moja. Ni ya ukubwa wa kati, nzito, ya zamani kuliko zote, na kwenye matako ina nukta tatu za msumari zilizopangwa mstari. Mama mkubwa haijui alama hiyo, na nimeuliza nyumba sita hakuna anayeitambua. Iko barazani kwake, imesuguliwa, na Jumapili baada ya misa watatangaza.